Nilivyokuwa mnyapara wa mkonge Korogwe na bado nikabaki manju wa ngoma (wazo la mke wangu)

Wakuu, hamjambo. Wa rika langu nawasalimu, ingawa humu sidhani kama mpo. Walio wadogo shikamoo zenu nimezipokea.

Nimeona kuna kijana kaanzisha uzi kwamba tangu apewe umeneja hana tena muda wa kupiga gitaa lake. Watu wakamjibu aweke ratiba, aamke mapema, azime simu. Nikasoma yote na miwani yangu. Nikasema hapana, hili nalijua mimi. Ngoja niwape lililonitokea, sitaongeza chumvi, na aliyeshuhudia yupo humo ndani ananisikia nikikohoa.

Natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo mwenye haraka apite.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Shule nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu, nikaona inatosha, nikaondoka. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, watoto wangu wamesoma kwa jasho langu, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nasema hivi ili asitokee mjuaji wa kunisahihisha herufi.

Enzi za Mwingereza nilitembea kwa miguu kutoka Handeni mpaka Korogwe kutafuta kazi kwenye mkonge. Nikapata kwenye shamba moja upande wa Makuyuni. Jina la shamba nalihifadhi. Meneja alikuwa Mgiriki, sisi tulimwita Bwana tu. Mkali, lakini akisema jambo ndilo hilo hilo, kesho halibadiliki.

Nikaanza kwenye palizi. Palizi ya mkonge ilikuwa hivi: asubuhi kila mtu anapimiwa kipande chake cha kulima, kinaitwa ngwe. Ukimaliza ngwe yako unakwenda zako, hata kama jua bado liko chini. Usipomaliza, siku yako haihesabiwi. Sasa anayepima ngwe ni mnyapara, kwa hatua zake mwenyewe. Anatembea, anahesabu, zikitimia anachomeka kijiti. Kwa hiyo miguu ya mnyapara ndiyo iliyokuwa saa ya watu wote.

Pamoja na kazi hiyo nilikuwa manju. Vijana wa siku hizi hamjui, manju ndiye anayetunga nyimbo za ngoma na kuziongoza. Kambi yetu ilikuwa na watu wa kila kabila, wengine wametoka mbali kweli kweli, na Jumapili ya baada ya mshahara tulikwenda kucheza Old Korogwe, karibu na mto, tukipambana na kundi la Mashewa. Ngoma ile haikuwa ya mzaha. Kundi linalocheka lenzake vizuri zaidi kwa wimbo ndilo linaloshinda. Na mtu wa kuchekwa kwanza siku zote ni mnyapara. Ilikuwa desturi. Mnyapara hakasiriki, akikasirika anachekwa mara mbili.

Mimi niliwacheka wanyapara mpaka Bwana akanifanya mnyapara.

Nilikubali haraka sana na nitawaambia kwa nini. Manamba wa kawaida, yaani vibarua wa shamba, tulilala wanaume watupu, chumba kimoja tumebanana. Mnyapara alipewa chumba chake cha bati. Na mimi Handeni nilikuwa nimeoa, mke wangu Mwanahamisi yuko kwa mama yake, namwona kwa mwaka mara chache mno. Nilipopata kile chumba, wiki hiyo hiyo nikamfuata. Akaja na kinu chake kichwani. Nikamwambia kinu tutapata Korogwe. Akasema, "Cha Korogwe hakinijui."

Basi tukakaa. Wakuu, siwezi kueleza raha ile. Chumba kina bati linalovuja, mimi naona ikulu.

Shida ikawa nyimbo. Zamani nilikuwa natunga nikiwa nalima, jembe linakwenda na kichwa kinakwenda. Sasa mnyapara anaamka kabla ya wote, anagonga chuma, anaita majina, anapima ngwe, anakagua, anagombana na wagonjwa wa uongo, jioni anakwenda kwa Bwana kueleza siku ilivyokuwa. Hizo ndizo mnaziita meetings. Ninyi mnakaa kwenye kiti, mimi nilisimama na kofia mkononi. Wapi utapata mstari wa wimbo hapo?

Nikapata sehemu moja tu. Wakati wa kupima. Natembea peke yangu mbele, watu nyuma, kumetulia, umande. Mstari unakuja wenyewe. Nikawa natunga huku nahesabu.

Mnaona tatizo linapokuja.

Palikuwa na Msukuma mmoja anaitwa Masanja. Sisi Wazigua na watu wa kule kwao ni watani tangu enzi za babu zao waliokuwa wakipita kwetu na misafara, kwa hiyo Masanja alikuwa na ruhusa ya kuniambia chochote. Huyu ndiye aliyegundua kwamba mnyapara akiwa na wimbo kichwani ngwe inatoka fupi. Napotea kwenye hesabu, nachomeka kijiti kabla ya wakati.

Unadhani alinyamaza? Aliwatangazia kambi nzima. Wakapanga zamu. Kila nikianza kupima, mmoja ananifuata.

"Mtani, ule wimbo wako wa Jumapili, ubeti wa mwisho uliumaliziaje?"

Mimi kwa sifa zangu namwimbia. Nikimaliza kuimba nimeshafika mahali, sijui nimehesabu ngapi, nachomeka kijiti. Nyuma nasikia mtu anakohoa kama anazuia kicheko. Sikuelewa. Niliona tu watu wananipenda kuliko mnyapara yeyote aliyepita. Nikajua ni heshima.

Siku moja Bwana akapita na gari kutoka korona, kule mkonge unakosagwa. Asubuhi bado mbichi, akawakuta watu wangu wanaoga mtoni, wanaimba. Akarudi shambani na ule mnyororo wake wa kupimia. Akapima ngwe ya kwanza. Fupi. Ya pili, fupi. Akaniita mbele ya watu.

"Wewe Mhina. Wewe nataka imba, enda Handeni imba. Hapa pima. Mimi naona ngwe fupi tena, chumba napa mtu ingine."

Akaingia kwenye gari. Basi. Nilishawaambia, akisema ndilo hilo.

Masanja alinijia jioni, amenywea. Akasema, "Mtani, tumekula mpaka tumekula sahani." Nikamfukuza, lakini sikuwa na hasira naye. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Nikaacha kuimba. Nilifunga mdomo asubuhi nikaufungua kula tu. Ngwe zikatoka sawa sawa kama kamba. Watu wakaninunia. Kundi la ngoma likaanza kuuliza nani atashika umanju, maana Jumapili ya Mashewa inakaribia na hatuna wimbo mpya. Nikasema mpeni yeyote. Nikaona nimefanya jambo la kiume, nimechagua mke wangu.

Mwanahamisi hakuona hivyo.

"Tangu umeacha kuimba unakula kama mtu aliyeajiriwa kula," akaniambia.

"Nataka ukae hapa. Nikiimba utarudi Handeni."

"Baba yangu ndiye aliyeupenda unyapara wako. Mimi niliolewa na manju. Sasa nimekuja huku nimekuta mtu mwingine chumbani."

Nikakaa kwenye kigogo nje. Yeye akaendelea kutwanga mahindi, kanipa mgongo. Na huku anatwanga anaimba, kwa makusudi, ule wimbo niliomtungia wakati namchumbia. Mchi unakwenda na wimbo, mchi unakwenda na wimbo. Wimbo ukaisha, akasimamisha mchi hapo hapo, akaanza kuchota. Hakuangalia hata kinuni.

Nikamuuliza, "Umejuaje yametosha?"

"Yametosha nini?"

"Mahindi. Hujaangalia."

Akanigeukia kama namuuliza jina lake. "Wimbo umeisha. Nikiuimba mara tatu huu, pumba zimetoka. Ule mwingine mfupi ni wa mtama. Mama yangu hivyo hivyo, bibi hivyo hivyo. Kwani wewe unayetunga hujui kwamba nyimbo zina urefu?"

Wakuu, nilisimama. Nikamwomba aseme tena.

Mimi nilikuwa natunga na kuhesabu, vitu viwili vinagombania kichwa kimoja. Yeye hahesabu kabisa. Wimbo ndio unamhesabia.

Jumapili iliyofuata tukaenda shambani wawili tu, hakuna kazi. Nilipima ngwe moja kwa kuhesabu kimya, nikachomeka kijiti. Tukarudi mwanzo. Nikatembea nikitunga, kila mguu na silabi yake, yeye nyuma yangu ananiambia hapa umekimbia, hapa umeburuta. Nikatunga wimbo wa kumcheka mnyapara. Mnyapara mwenyewe ni mimi. Ubeti unaimbwa na kuitikiwa, unarudiwa, mpaka mwisho wa ngwe. Ila kila tukifika mwisho, wimbo unaisha na kijiti bado kiko mbele kidogo. Tukajaribu tena na tena, jua kali. Nikaudhika, nikachomeka mstari wa tatu wa kujazia, ukaenea kama kipimo cha fundi. Wimbo wenyewe huu hapa:

Mnyapara kapotea, kapotea shambani,
Hatua zake kaacha, kaziacha kichwani,
Mkonge una miiba, miiba ya pembeni,
Mpimieni wenzangu, arejee nyumbani.

Mwanahamisi akasema mstari wa tatu mbaya. "Nani hajui mkonge una miiba?" Nikamwambia mstari ule una kazi yake. Ubishi huo mpaka leo haujaisha.

Jumatatu, Masanja akanijia na ujanja wake, nadhani alitaka tu kunichangamsha. "Mtani, leo kimya tena?"

Nikamwambia, "Leo naimba. Itikieni."

Nikaanza kutembea. Waliposikia mnyapara anajicheka mwenyewe, wakuu, shamba lilipasuka. Kila mtu anaitikia. Hakuna aliyeweza kunipoteza, maana hata nikisahau wao wanao. Na mimi sikuweza kumwonea mtu, nikipitiliza hata hatua moja wote wanaona wimbo umeshaisha. Wimbo ulipokwisha nikachomeka kijiti.

Masanja akasimama mbele ya kijiti kile kwa adabu, kama mtu aliyekutana na mkwe wake. "Mtani," akasema, "umetufunga kamba huku tunacheka."

Gari la Bwana likaja. Alisikia kelele kutoka barabarani. Watu wakanyamaza ghafla. Nikawaza chumba, nikawaza kinu kikirudi Handeni kichwani. Bwana akashuka. Akatoa mnyororo, akapima ngwe ile mbele yetu. Mnyororo ukaishia kwenye kijiti. Akanitazama. Akaenda ya pili, akanionyesha kidole nianze. Nikaimba peke yangu, hakuna anayeitikia kwa woga. Nikachomeka. Akapima. Sawa.

Akakunja mnyororo wake taratibu.

"Imba," akasema. Akaondoka.

Chumba kikabaki chetu. Na Jumapili ya ngoma nayo mniruhusu nijisifu kidogo. Mashewa walikuja Old Korogwe wamejiandaa. Wametunga wimbo mzima wa kumcheka manju aliyegeuka mnyapara, wana furaha, wanajua wametushika pabaya. Sisi tukaanza. Tukaimba Mnyapara kapotea. Manju wao akabaki amesimama na manyanga yake mkononi. Kila alilotaka kunicheka nimeshajicheka, tena vizuri kuliko yeye. Nusu ya watu wake wenyewe walikuwa vibarua wa palizi kwangu, wimbo wanaujua na walimficha, wakaitikia. Mwanahamisi alikuwa pembeni na kanga mpya aliyonunua duka la Mhindi siku ile, anaimba kwa sauti kubwa, ila akifika mstari wa tatu ananyamaza ili nimwone.

Nilikaa mnyapara mpaka bendera ikabadilika, na umanju sikuuacha. Tukarudi Handeni na kinu.

Sasa kijana wa gitaa, nisikilize. Unatafuta muda pembeni ya kazi. Pembeni hakuna kitu, mwenye kazi ameshapachukua. Tazama ndani ya kazi yenyewe mahali mguu wako unapotembea bila kukuhitaji, weka wimbo hapo, na ikiwezekana wimbo huo uibebe kazi. Uhusiano wa ofisi yako na gitaa siujui, utautafuta mwenyewe, umesoma kuliko mimi. Na kama nyumbani kuna mtu anayekwambia mstari wa tatu mbaya, usimwache aondoke.

Wenye kazi za usimamizi na kitu mnachokipenda, semeni hapa mnafanyaje. Wanaotaka kubishana na mstari wangu wa tatu wakae foleni, Mwanahamisi mwenyewe yuko mbele.

Naandika hivi nipo barazani. Ameniuliza kutoka jikoni kama nimewaambia wazo lilikuwa lake. Nimesema nimewaambia, tena nimeliweka juu kabisa. Sasa analeta chai, na fimbo yake, taratibu. Kutoka jikoni mpaka hapa zamani ilikuwa ubeti mmoja, haufiki hata mwisho.

Nimeshauimba wote, bado hajafika. Naanza tena.