Kombi ya zamani: kabureta moja au mbili? Yaliyotukuta Louisville hadi Buffalo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Nasoma humu siku nyingi bila kuandika. Mimi ni binti wa aibu, hata high school sinyooshi mkono. Haya nayatoa kwenye diary yangu, chumvi sijaongeza.

Tunaishi Shively, Louisville. Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa yuko kiwandani. Alinunua kombi ya zamani, ile injini iko nyuma, haina rejeta, inapozwa kwa upepo tu.

Lengo: kumfuata bibi Kenmore, pale Buffalo, kwa baba mdogo, aje akae nasi. Ndege hataki. Alipanda ile iliyomleta Marekani, akasema basi.

Kombi ilikuja na kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa, mbili zilizochoka, moja kila upande wa injini. Baba akataka kuweka moja tu, katikati.

"Mbili zinagombana kama wake wenza."

Mama akadakia, "Na wewe wake wenza umewajulia wapi?"

Tukafunga moja. Mjini ikaenda safi, tukaondoka Novemba.

Karibu na Columbus, baridi kali, gari likaanza kukohoa. Likazima. Kuangalia, lile bomba refu linalotoa petroli na hewa katikati kupeleka kwenye silinda limeganda barafu kwa nje! Tukasubiri liyeyuke, tukasogea, likazima tena.

Tukageuza.

Bibi akapiga simu: "Mwanangu, gari lako linakuja au linasali?"

Baba hakucheka.

Nyumbani, tukiwa wawili tu, nikamuuliza kwa nini asirudishe zile mbili, maana kila moja inakaa jirani na silinda zake, bomba refu halihitajiki.  Akasema polepole, "Mbili lazima zivute hewa sawasawa, na fundi anazipima kwa sikio. Mimi masikio yameishia kiwandani, mwanangu."

Hata mama alikuwa hajui. Nilitaka kulia, wakuu.

Tukazifungua, tukazisafisha, tukabadilisha vya ndani vilivyokufa, tukazirudisha. Injini ikiwa inaunguruma, nikachukua kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Nasikiliza kushoto, nahamia kulia.

Kwaya naimba sauti ya pili, kazi yangu kila Jumapili ni kusikia nani kapanda nani kashuka. Kushoto ilikuwa inavuma juu.

"Punguza kushoto, baba. Bado. Bado... hapo hapo, usiguse!"

Injini ikatulia.

Wiki iliyofuata, baridi ileile, Columbus tukaipita bila kusimama. Kenmore tukamkuta bibi amevaa koti, amekalia sanduku lake mlangoni.

Baba akamwambia, "Mama, fundi ni huyu. Mimi sisikii tena."

Alisema mbele ya watu wote.

Nilichojifunza: kwenye baridi, mbili, ila mpate wa kuzisikiliza. Na mzee wako aking'ang'ania kitu bila sababu, muulize mkiwa wawili.

Jumatatu baba anakwenda kupimwa masikio. Mimi na mama tulimbembeleza akakataa, bibi kamwamuru mara moja tu.

Kuna aliyewahi kuitumia moja kwenye baridi ikakubali? Tupeni uzoefu, ila msinicheke sana.