Sikio la Fahali wa Njia Panda

Walisema sitaweza. Fundi wa kuchomelea pale Kitengela, tuliyesoma naye shule ya msingi, alisema mbele ya wateja wake, "Huyu amerudi na diploma ya kuchonga. Si hata babu yake alikuwa anachonga vijiko bila diploma?" Jirani wa mama alisema kabla ya mvua ya Aprili nitakuwa broka wa ploti kama wengine. Mchungaji naye alimwuliza mama, kwa upole, kama kule Ujerumani nilikuwa gerezani, maana miaka ilikuwa mingi na picha zilikuwa chache.

Sikuwa gerezani. Nilikuwa naosha sufuria za hospitali mchana na kusomea uchongaji wa chuma jioni. Ada nililipa mwenyewe. Baba yangu alitoka Ukambani kubeba magunia katika kiwanda cha saruji, na hakuna mjomba waziri aliyenipigia simu popote. Nayasema haya wazi. Watu wengi huona haya kujisifu, kisha hushangaa mbona hawasifiwi.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kitengela ilikuwa inageuka mji bila kuambiwa. Ranchi za jamii zilikuwa zinagawanywa, na kila mwanamume uliyemsalimu alikuwa na ramani iliyokunjwa mfukoni na kesi moja ya mpaka kichwani. Kila mtu alimshuku mwenzake. Mimi, niliyetoka mbali, niliwashuku wote.

Diwani wetu alitaka sanamu kwenye njia panda, pale barabara ya Namanga inapoachana na njia ya soko la mifugo. Nilimwonyesha michoro ya simba, ya mwanamke, ya mikono miwili inayoshikana.

"Weka ng'ombe," akasema. "Hapa watu wanabishania kila kitu, lakini ng'ombe hawatabishania."

Malipo yangetolewa sanamu ikishakubaliwa na watu. Basi nikawa mtu wa kuazima. Yule fundi aliyenicheka alinipa mashine ya kuchomelea na rundo la vyuma chakavu: springi za lori, majembe ya plau, minyororo. "Chukua," akasema. "Nataka niwe karibu ukiaibika." Akina mama wa kanisa walinipa turubai lao la semina nifunikie kazi yangu uani. "Lirudi bila matundu, baba," wakaniambia, na nikaona wanavyotazamana.

Nilichokosa ni fahali wa kutazama. Nilitaka fahali hai, mwenye nundu na mishipa, maana picha hudanganya.

Akaja mzee mmoja wa Kimaasai ambaye boma lake lilikuwa upande wa Isinya, nyuma ya ploti mpya. Nilimwamkia "Sopa", akajibu "Epa", akazunguka yale mavyuma yangu polepole. Siku ya soko iliyofuata alirudi na fahali mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, mnyama mzuri kuliko yeyote niliyewahi kumwona.

"Nitakulipa nini, mzee?"

"Mtazame. Jioni naenda naye nyumbani."

Hilo lilinitia wasiwasi. Nani Kitengela alimpa mtu kitu cha bure wakati huo? Muuza chai wa sokoni, aliyejua kila kitu, alinieleza kwamba Wamaasai wawili wakipeana ng'ombe huacha kuitana majina. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng', na tangu hapo hawanyimani kitu. Siku ya soko iliyofuata nikajaribu bahati yangu.

"Habari ya asubuhi, Pakiteng'."

Mzee alinitazama kama mtu aliyepewa noti bandia. "Bado," akasema. "Sijakupa. Nimekuazima."

Siku zote za soko alikaa kwenye kigoda akinitazama nikipima mnyama wake kwa kamba ya katani. Springi zikawa mbavu, plau zikawa mabega. Nilipofika kwenye masikio mzee alisogeza kigoda karibu. Sikio la kushoto la fahali lilikuwa limekatwa pembetatu mbili upande wa chini. Mimi sikuzoeshwa kuruka kitu, nikazikata zile pembetatu kwenye bati nene jinsi zilivyokuwa. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Ukame mkubwa ukaingia kabla sijamaliza. Mzee alihamisha mifugo kupitia Oltepesi hadi Ewuaso Kedong kutafuta majani. Fahali mwekundu hakurudi. Nilizisikia habari hizo sokoni, nami nikaendelea kuchomelea.

Siku ya kuifunua sanamu watu walijaa hadi kwenye lami. Fahali wangu alisimama juu ya zege, kichwa kimeinama, jua likimng'aria mgongoni. Nilingoja makofi. Wanawake wa kanisa walipiga. Wanaume wa soko hawakutazama pembe wala nundu. Walitazama sikio.

"Hii ng'ombe ni ya nani?" akauliza dalali mmoja.

"Ya kila mtu," nikasema kwa sauti ya hotuba.

"Wapi! Soma sikio. Hiyo ni alama ya familia ya yule mzee."

Minong'ono ikageuka kelele. Kiwanja cha njia panda kilikuwa kwenye kesi, na familia ya mzee ilikuwa miongoni mwa wadai. Diwani alinivuta pembeni huku akiendelea kutabasamu kwa umati.

"Fundi, umeniwekea bikoni ya mpaka wa mtu hapa? Siku ya soko ijayo kama watu hawajakubali, naleta trekta. Itauzwa chuma chakavu, kilo kwa kilo."

Nilijua maana yake. Fundi asingeona vyuma vyake tena, turubai lilikuwa limeshatobolewa na cheche, na mimi ningekuwa broka wa ploti kama walivyotabiri.

Usiniulize nilimshuku nani. Nilimshuku mzee, maana sasa ule ukarimu wake ulikuwa na sababu. Nilimshuku diwani pia, kwani trekta lilipatikana upesi mno. Fundi alikuja akacheka, kisha akauliza mashine iko wapi. Kila mtu alileta dawa yake. Wengine walitaka nizibe pembetatu sikio liwe zima. "Ng'ombe mkubwa bila alama ni wa wizi," wakajibiwa. Wengine walitaka niweke alama yao kwenye sikio la kulia. Zikaanza ngumi.

Nilijiondoa nikaenda kusimama kwenye zizi la soko, mahali ninapofikiri vizuri. Humo mlikuwa na mtamba ambaye fisi alikuwa amemrarua sikio, na alama ikaenda nalo. Mnunuzi alikuwa anasita kumchukua, na muuzaji alikuwa amekuja na majirani zake wote wamshuhudie kwamba ni wake. Nilimtazama mtamba yule hadi jua likageuka. Hakuna aliyeniambia nifanye nini. Lile wazo lilitoka kwenye kichwa hiki hiki.

Siku ya soko nilipanda juu ya zege na grainda ya kukatia chuma. Trekta lilikuwa limeshafika. Mzee alisimama mbele, amejifunga shuka, na sikumwondolea macho. Nilijiambia: akipinga, nimemkamata. Nikalikata sikio la kushoto, si kwa mstari ulionyooka, bali kwa kuchana na kukunja, likabaki gutu lenye meno meno. Kipande chenye alama kikaanguka, nikakiwahi nikakitia mfukoni.

Watu wakasogea kulitazama lile gutu. Kisha dalali akapasuka kicheko.

"Fisi amepita! Jameni, fisi wa diploma!"

"Haya, sasa ni ya nani?" mwingine akauliza.

"Lete majirani!"

"Sisi ndio majirani!" Wakaanza kunyoosha mikono mmoja mmoja wakimshuhudia fahali, wanaume wa koo zilizokuwa zikishtakiana. Diwani akalirudisha trekta. Mzee akaondoka.

Kaunsili ilipolipa, niliwazungukia wote walioniazima kwa siku moja. Akina mama wa kanisa walipata turubai jipya. Walilikagua pande zote wakitafuta matundu. Fundi nilimpa mashine mpya na vyuma zaidi ya vile alivyonipa. "Hii haijaibiwa mahali?" akauliza, lakini mbele ya wateja wake wale wale alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Mzee nilimkuta kwenye boma lake. Kipande cha sikio nilikuwa nimetembea nacho tangu siku ile, nikihofia kukiacha popote. Nilifikiri, nikimpa, kesho kitaonekana kimechomelewa kwenye nguzo ya kiwanja fulani chenye kesi. Nilimpa hivyo hivyo, maana mimi sibaki na deni la mtu.

Alikipokea, akapitisha kidole gumba kwenye pembetatu ya kwanza, kisha ya pili.

"Alilala chini Ewuaso," akasema. "Nilimwinua mara nyingi. Mwisho akakataa."

Nilitafuta hila usoni mwake na sikuiona. Sikuacha kutafuta. Akaingia ndani na kile kipande, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa, akanipa.

"Kunywa, Pakiteng'."