Marashi Mlangoni

Juzi niliona mrashi wa fedha katika duka moja hapa Lindi, nikatoka bila kununua nilichofuata.

Nilikuwa mtoto. Mwenye hoteli kubwa ya Kivinje alimwomba mama awaandalie Wajerumani chai ya alasiri, ukumbi upambwe kama enzi za masultani. Kulinukia udi na iliki. Wanaume wa Kijerumani walikuja wamejivika kisultani, na vilemba vilivyolegea, wake zao wakichakarisha hariri. Mama alisimama mlangoni na mrashi, akimnyunyizia kila mgeni marashi kichwani.

Niliganda. Siku chache kabla ya hapo, mjomba wangu alikuwa ameondoka kwenda kupigana na Wajerumani katika milima ya Kipatimu, baada ya kunyunyiziwa maji ya kuzuia risasi. Nilimvuta mama kanga, nikamnong'oneza.

"Mama, mbona unawapa na wao?"

"Mgeni hurashiwa, mwanangu. Tulia."

"Sasa mjomba atawashinda vipi?"

Mama alimrashia bwana aliyefuata, akamkaribisha kwa tabasamu.

Mjomba hakurudi. Niliamini mama ndiye aliyewapa Wajerumani kinga, na kwa miaka mingi niliukwepa mkono wake kila uliponigusa. Leo najua yale yalikuwa marashi tu, na ya mjomba yalikuwa maji tu. Nimeiandika sentensi hiyo mara nne na bado inaniaibisha.

Alipokuwa mgonjwa kitandani, mama aliniuliza, "Nilikukosea nini, mwanangu?"

"Hakuna, mama," nilimjibu.

Alifariki akijua kwamba nimemdanganya.