Karatasi ya Mlangoni Ilikuwa Imekunjwa

Leo nimekata jina langu mbele ya watu, na chai yao sikunywa.

Tuliitwa Kilimani kutoa maoni kuhusu chakula cha mchana shuleni. Wenye mpango huo wanapendekeza kila mzazi ajisajili mtandaoni kila muhula, la sivyo mtoto wake asile.

Nilienda na Mama Nekesa, jirani yangu hapa Dagoretti Corner. Anafulia watu nguo. Simu yake ni ya kubonyeza, na wanawe watatu wakikosa chakula cha shule, husubiri hadi jioni.

Mlangoni karani akatupa karatasi ya mahudhurio.

"Weka sahihi tu, mama. Chai inapoa."

Tukaweka. Mimi huandika na saa kando ya jina, ni mazoea ya kuandika shajara.

Lakini kwa nini sehemu ya juu ilikuwa imekunjwa nyuma na kubanwa na klipu?

Kikao kizima niliwaza hilo. Mama Nekesa aliinua mkono mara mbili, hakupewa nafasi.

Watu waliposimama kwa maombi ya kufunga, nikarudi mlangoni nikaikunjua ile karatasi. Juu iliandikwa:

"Sisi tuliotia sahihi tunaunga mkono pendekezo hili."

"Hiyo ni ya chai tu, madam," karani akasema.

"Basi kunyweni nyinyi. Nipe kalamu."

Nikakata jina. Kando nikaandika: Mtoto akiwa darasani, apewe chakula.

Mama Nekesa akakata lake, akaninong'oneza, "Waite wengine kabla ya amina."

Nikawaita, wakaja wakasoma. Tulipotoka, majina yaliyokatwa yalikuwa mengi kuliko yaliyobaki.

Nanyi mnaoitwa kwenye vikao mtaani kwenu, juu ya karatasi huwa mnasoma nini?