Nilinyamazisha Chuma cha Baba Wakesho

Makosa ni yangu, na sitaki mtu anipoze. Nimepozwa vya kutosha na watu wasiojua nilichofanya.

Mimi ni mama wa makamo, naishi Voi, kwenye mtaa mmoja wa zamani. Nyumba ni za mawe, ua ni wa minyaa, na miti ya kivuli ilipandwa na watu ambao wengi wao washazikwa. Hapa tunajuana mpaka kikohozi. Ukipita nyumba ya mwisho ni vichaka tu, na ng'ambo ya vichaka ni mbuga.

Nyumba hiyo ya mwisho ilikuwa ya Baba Wakesho, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Yangu ndiyo inayofuata. Mzee alikuwa ametundika kipande cha reli kwenye mti wa langoni kwake. Ndovu wakitokea, yeye au mkewe anakigonga, na mtaa mzima unaingia ndani. Ukisikia chuma huulizi, unarudi hata kama ufagio uko mkononi.

Sasa mimi nikajenga vyumba nyuma ya nyumba, nikawa napangisha wageni wanaokuja kuona wanyama. Tangazo la mtandaoni nililiandika mwenyewe: "Mtaa uliokomaa, miti mikubwa, majirani wastaarabu, utulivu wa kutosha." Aki niliringa na hayo maneno.

Wageni wakaanza kulalamika. Mtu amelala zake alfajiri, chuma kinalia. Mmoja akaandika hadharani kwamba huo utulivu ni uongo. Nilikasirika vibaya, tena si kwake. Nilimkasirikia mzee.

Kwenye mkutano wa wakaaji nikasimama. "Jameni, hii ni esteti ama ni boma la mbuzi? Siku hizi kuna simu. Tufungue grupu, mtu akiona ndovu aandike."

"Na mimi mwenye kabambe isiyo na mtandao, binti yangu?" Baba Wakesho akaniuliza.

"Wewe tutakupigia, baba."

Watu wakacheka kidogo, wakakubali. Mzee alikishusha chuma chake mwenyewe bila ubishi. Mkewe alinitazama mpaka nikainamia viatu vyangu.

Basi tukapata kimya. Wageni wakafurahi. Lakini asubuhi tulikuwa tunakuta mavi ya ndovu katikati ya barabara, au tawi limevunjwa mlangoni pa mtu, na hakuna aliyejua walipita saa ngapi. Niliyaona hayo yote. Nilifagia langoni kwangu nikaendelea na mambo yangu.

Halafu maji yakarudi, baada ya kukauka muda mrefu. Maji yakirudi kila mtu anaamkia kwa mfereji wa mtaa kabla hayajakatwa. Nilikuwa jikoni nachemsha chai ya wageni, nikatupa macho dirishani. Ndovu dume alikuwa amesimama pale mferejini nyuma ya minyaa, hatikisi hata sikio. Nikaandika kwa grupu, "Yuko mferejini." Majirani wakajibu kwa vidole gumba.

Ndipo nikamwona Baba Wakesho akipita langoni kwangu na mtungi wake, anaelekea huko huko.

Nilifungua mdomo. Mungu anajua nilifungua. Halafu nikakumbuka wageni wamelala, na walikuwa wameahidi kuniandikia vizuri. Nikachukua simu nimpigie.

Iliita. Mkewe ndiye aliyepokea. "Ameiacha kwa chaji," akasema. "Kwani kuna nini?"

Nilikuwa nimeshasikia mtungi ukigonga mawe.

Tulimzika kwao Wusi. Matangani niliwaambia watu kwamba nilijaribu kumpigia, na wakanishika mkono wakasema nilifanya niwezalo. Sikuwaambia kwamba alikuwa karibu kiasi kwamba ningemwita kwa sauti ya kawaida angegeuka.

Baadaye mkewe alirudi kuchukua vyombo vyake, kwa sababu hakutaka kukaa Voi tena. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu amebeba kile chuma. Akakitundika mwenyewe kwenye mti wangu, akakivuta kuona kama kimeshika.

"Sasa nyumba ya mwisho ni yako," akaniambia. Kisha akaangalia kule jikoni. "Na dirisha lako linaona mfereji vizuri."

Wageni niliacha kuwapokea. Tangazo nimelifuta. Jioni hii mbwa wa mtaa wamenyamaza kabla ya jua kuzama, na nyundo iko hapa mapajani. Nasikiliza mpaka masikio yanauma.

Wewe unayesoma, ukimwona mwenzako anaelekea kubaya, mwite. Usiangalie nani amelala. Mimi nilikuwa na sauti, nikaamua kutafuta simu.