Tukio Hili Litaripotiwa

Kompyuta ya sekretariati ya shule yetu ilisimamiwa na kaka yangu, mwalimu wa hesabu. Ndiye aliyefuta mfumo wa zamani uliojaa virusi, akaweka Linux, akajiweka kuwa msimamizi pekee. Mimi nilikuwa sekretari na dada yake wa damu, lakini alinifungulia akaunti ya kawaida tu. Niliruhusiwa kuandika barua na kuzichapa. Kuongeza printa au programu, hapana.

"Weye unafinyaka kila kitu," aliniambia, maana nilizoea kubonyeza kila kitufe nilichokiona. "Nikikupatia kode, kesho tutalia sisi wote."

Nilimnunia wiki nzima. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Vita vilipokaribia Kibati, alikokaa mama, kaka aliondoka mjini asubuhi kwa pikipiki kwenda kumchukua. Mama akafika kwangu mchana wa siku hiyohiyo, kwa miguu, katikati ya umati, godoro kichwani na kuku kwapani. Walikuwa wamepishana njiani. Simu ya kaka haikupatikana siku ile wala wiki ile.

Shuleni tulikuta printa imeibwa. Prefe, mkuu wetu, akaazima nyingine parokiani, kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokimbia makwao walihitaji vyeti vyao kabla ya Ijumaa, ili waandikishwe kwa mtihani wa serikali. Kila asubuhi mzee mmoja mfugaji kutoka milima ya Masisi alitoka kambi ya wakimbizi, akasimama dirishani kwangu.

"Mama sekretere, karatasi ya mutoto?"

"Bado, muzee."

Nilikuwa nimeichomeka ile printa. Kikatokea kisanduku chenye jina la kaka, kikidai nenosiri la msimamizi. Nikajaribu jina la mama, mwaka wa kuzaliwa kwake, hata jina la mbuzi wetu wa zamani. Kikakataa yote. Basi nikafungua lile dirisha jeusi alilopenda kaka, nikaandika amri niliyomwona akiitumia kupata nguvu za msimamizi, sudo. Ikaniomba nenosiri langu mwenyewe. Nilipoliandika hakuna herufi iliyoonekana, nikadhani kibodi imekufa, nikaipiga kofi. Nikarudia pole pole. Ndipo mashine ikanijibu kwa Kifaransa kwamba simo katika orodha ya wanaoruhusiwa, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa kwa nani? Wiki ile mji ulikuwa umetekwa na kupata wakubwa wapya, na watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilichomoa waya ukutani, nikaifunika mashine kwa kitenge, nikamwambia prefe imeharibika. Siku mbili nilishtuka kila nikisikia buti nje. Naona haya kusema, lakini nilishaandaa hadi maneno ya kujitetea.

Fundi mmoja wa kompyuta wa mtaa wa Birere nilimsimulia, akacheka hadi akaweka chini bisibisi.

"Mama, mashine si iko kwako? Uiwashe kwa njia ya kurekebisha, ubadilishe kode ya kaka yako. Bas."

Akaniandikia hatua zote juu ya kipande cha katoni. Nilikaa nacho mkobani mpaka Alhamisi. Kujua nilikuwa nimeshajua. Ila kubadilisha nenosiri la kaka ilikuwa kukubali kwamba harudi kuliandika, nami nilitaka arudi alikute kama alivyoliacha.

Alhamisi yule mzee alisimama tena dirishani. Alivua kofia tu, akaniangalia. Nilimkasirikia, nikamkasirikia na kaka, kisha nikaondoa kitenge.

Mara ya kwanza mashine ilikataa. Nilikuwa nimeruka mstari mmoja wa katoni, na diski ilikuwa imefunguliwa kwa kusomwa tu. Nikarudi nyuma, nikaifungua na kwa kuandikwa, nikaweka nenosiri jipya, nikaingia kwa jina la kaka. Mashine ikaniambia kuna barua zinanisubiri.

Zilikuwa barua zinazonihusu mimi. Kila mara nilipojaribu ile amri, mashine ilikuwa imeandika jina langu, saa, na maneno yote niliyoyaandika pamoja na makosa yake. Nilikuwa nimeshitakiwa kwa kaka yangu. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kwa sauti. Prefe alichungulia mlangoni, akarudi alikotoka.

Kisha nikaongeza printa. Saa sita mchana vyeti vyote vilikuwa vimetoka. Mzee alifunga cha binti yake ndani ya plastiki, akakiweka chini ya kofia, akaenda.

Kaka hajarudi. Shule ilinunua mashine nyingine, ile ya zamani nikapewa mimi. Nenosiri la msimamizi ninalijua, nililiweka mwenyewe, na ningeweza kujipa ruhusa zote kwa dakika moja. Sijajipa. Mwenye ruhusa haripotiwi.

Kwa hiyo mara mojamoja naandika sudo, na mbele yake namwandikia kaka habari: nani ameolewa, nani amezaa, wanafunzi wake wangapi wamefaulu. Mashine inanikatalia, kisha inapeleka maneno yangu katika sanduku la barua la kaka.

Mama hajui Kifaransa, lakini akiniona nimekaa pale anajua ninafanya nini. Jumapili iliyopita alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Umuambie nilihama," akasema. "Asinitafute tena kule Kibati."

Nikaandika hivyo hivyo.