Toleo la Zamani

Fundi wa kompyuta wa benki ya damu alikuwa mwanamke wa makamo, na wenzake walimbandika jina la Mama Polepole. Naye alicheka pamoja nao, maana kucheka ni rahisi kuliko kueleza. Miaka mitatu nyuma, katika hospitali nyingine, alikuwa mwepesi kupita kiasi. Aliambiwa aondoe toleo la ziada la Python, lugha inayotumika kuandikia programu. Akakuta matoleo mawili, akafuta la zamani. Kompyuta ilimwonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka nalo, ikamuuliza: ndiyo au hapana? Hakusoma. Akajibu ndiyo. Kumbe Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yenyewe, ililiegemea lile la zamani. Mashine ikafa ganzi, lebo za damu zikaandikwa kwa mkono siku nzima, na mfuko mmoja ukaandikwa kundi lisilo lake. Muuguzi aligundua sindano ikiwa tayari imeingia kwa mgonjwa, damu bado haijafunguliwa. Hapa kwenye benki ya damu hakumwambia mtu. Nani angempa kazi?

Asubuhi hii printa ya lebo iligoma. Toleo jipya la Python lililowekwa juzi lilikuwa limeivuruga programu ya lebo, na wodi ya wazazi ilikuwa imeshapiga simu mara mbili ikitaka damu. Mkuu wa maabara alisimama nyuma ya kiti cha fundi, pumzi zikimfikia shingoni.

"Mama, si uondoe tu hilo la zamani? Mtu akinunua kitanda kipya, kile kibovu anakiweka cha nini?"

"Ngoja kwanza niangalie, bosi."

"Utaangalia mpaka lini? Kuna mama anatoka damu kule."

Aliogopa kuchelewa na aliogopa kuharakisha, na hofu zote mbili zilikuwa za haki. Akaandika amri ya majaribio, ile inayoonyesha kitakachoondoka bila kugusa kitu. Orodha ikamwagika: programu ya mtandao, madirisha ya skrini, hata chombo cha kuwekea programu nyingine. Alisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo, midomo ikichezacheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hili halitoki," akasema kwa sauti ndogo. "La ziada ni jipya."

"Jipya nimeliweka mimi."

"Najua, bosi."

Jengo zima lilijua, maana mkuu alikuwa akijisifu nalo tangu juzi. Fundi hakugeuka kumtazama usoni. Akanakili faili za lebo kwenye diski ya pembeni, akajaribu tena, safari hii kwa toleo jipya. Vitu vinne tu, vyote vya toleo hilo. Akaandika jina kamili la toleo hilo pamoja na namba yake, akalikagua mara tatu, akajibu ndiyo. Kisha akazima mashine na kuiwasha upya.

Skrini ikabaki nyeusi. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba kungoja hakuumi.

Mwanga ukarudi. Printa ikakohoa, ikatema lebo.

"Ulijuaje?" mkuu akauliza.

Angeweza kusema alifundishwa chuoni, na yangeishia hapo.

"Nilishawahi kulifuta la zamani," akasema. "Kule nilikotoka. Nusura mtu atiwe damu isiyo yake kwa sababu yangu."

Muuguzi wa wodi ya wazazi alikuwa ameshafika dirishani, mkono ameunyoosha. Mkuu akabandika lebo kwenye mfuko, akailinganisha na daftari herufi kwa herufi, akarudia. Akamsukumia fundi mfuko na daftari.

"Soma na wewe," akasema. "Kwa sauti."